Bolti za baba zimeoza. Nimwambie nani?

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia usiku. Karakana imefungwa, mafundi wamekwenda makwao, na mezani mbele yangu ipo bolti moja ndefu kama mkono wangu kuanzia kwenye kiwiko. Sehemu ya juu, ilipokaa nati, inang'aa kana kwamba imetoka dukani jana. Katikati imeliwa mpaka imebaki unene wa penseli. Nimeitoa mwenyewe kwenye mkuku, ule uti wa chini kabisa, wa mashua aliyoiunda marehemu baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa mashua za matanga kwa miaka 34. Mpaka anafariki, miaka mitatu iliyopita, alikuwa ameshua vyombo 58, na kila kimoja kina kibao kidogo cha shaba karibu na ngazi ya kushukia ndani, chenye jina lake na namba. Hakuwahi kujitangaza popote. Watu walikuja kwa sababu waliiona mashua yake ya miaka 20 ikipita, wakauliza nani aliiunda. Alikuwa na tabia ya kupiga randa na msasa hata upande wa ubao ambao ukishapigiliwa hakuna jicho litakalouona tena. Wanafunzi wake wakimshangaa aliwaambia, "Siku moja kuna mtu atafungua hapa."

Aliyekuja kufungua ni mimi.

Miezi miwili iliyopita mzee mmoja alituletea mashua ya 37. Maji yalikuwa yakiingia ngamani, kule chini kabisa ndani ya chombo, kidogo kidogo na hakujua yanatoka wapi. Nilidhani ni kalafati iliyochoka, ile pamba inayoziba nafasi kati ya mbao. Nilipojaribu kukaza bolti za mkuku nione kama kuna inayocheza, moja ikakatika kwenye spana bila ubishi wowote. Nikatoa nyingine tatu. Mbili zilikuwa kama hii iliyo mezani. Chini ya mkuku wa mashua ile kuna uzito mkubwa wa risasi, yale madini mazito, na zinazoubeba ni bolti tisa tu. Mzee yule huwachukua wajukuu zake baharini kila likizo.

Baba siku zote alitumia bolti za bronzi. Hizi ni za stenlesi, chuma kinachosemwa hakishiki kutu. Nikaenda kwenye madaftari yake. Kuanzia mashua ya 31 hadi ya 44 zimeandikwa bolti za stenlesi, kutoka kwa muuzaji mwingine, na pembeni ameandika kwa penseli: "Zinang'aa. Zitatosha." Ilikuwa miaka ambayo kazi zilimzidi, mara nyingi akilala hukohuko karakana. Kisha ukurasa wa mashua ya 45 una maneno mawili yaliyopigiwa mstari: "Rudi bronzi." Hakuna maelezo. Tangu hapo hakupokea tena zaidi ya mashua moja kwa mwaka, nasi nyumbani tulidhani ni umri. Shangazi, nimeyasoma maneno hayo mpaka sijui tena yanasema nini. Kama alirudi kwenye bronzi, ni kwa sababu alijua. Na kama alijua, kwa nini hakuwaita wenye mashua zile 14?

Ya 37 iko kwangu. Ya 34 iliungua bandarini zamani. Zimebaki 12. Wenye saba ninawajua, wengine wamekula nyumbani kwetu. Tano zimeuzwa na kuuzwa tena, sijui ziko maji gani.

Mwenye ile ya 37 nimemwambia tu kwamba bolti zimechoka na nitamwekea mpya. Alinishukuru, akaupigapiga ubavu wa mashua na kusema, "Vyombo vya baba yako havina ujanja." Nilishindwa kumtazama usoni.

Kaka yangu ndiye anayeshika hesabu. Anasema dhamana zilikwisha zamani, hakuna chuma kilichokaa baharini zaidi ya miaka 20 kisichochoka, na mwenye chombo ndiye mwenye wajibu wa kukikagua. Anasema nikituma barua moja leo, kesho itakuwa mikononi mwa kila mtu, na hakuna atakayesoma "mashua 14". Watasoma jina la baba tu. Tena kuna mteja anayetaka mashua tatu kwa mpigo, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Amekuja kwa sababu ya jina. Arbuni yake ingelipa mishahara ya mafundi wetu 11 kwa mwaka mzima. Kaka anataka tusaini kwanza, mengine baadaye. Mama nilimdokezea tu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Usimfukue baba yako."

Mimi nina miaka 43. Nimekulia kwenye vumbi la mbao zile. Nilipokuwa na miaka 19 nilimsaidia kukaza bolti za mashua ya 39, yeye akishika spana ya chini na mimi ya juu. Sikutaka kitu kingine maishani ila kuwa fundi kama yeye, na sasa sijui "kama yeye" maana yake nini. Nikinyamaza, ninahisi karakana yote inaning'inia kwenye bolti hizihizi. Nikisema, mimi binti yake ndiye nitakayekuwa nimefuta kwa barua moja kazi ya miaka 34.

Nifanye nini, Shangazi?

Binti wa Fundi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia kesho yake. Pole sana. Ulimzika baba yako miaka mitatu iliyopita, na sasa ni kama umeambiwa umzike tena, safari hii bila watu wa kukushika mkono. Hata kama hatutafika mbali leo, nataka ujue kwamba usiku ule karakanani hukuwa ukifanya jambo dogo. Wapo wengi ambao wangebadilisha bolti tisa, wakafunga sakafu ya ngama na kulala.

Mimi si fundi wa vyombo. Kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimwendea mzee mmoja ambaye kazi yake ni kutengeneza mashua zilizoundwa na wengine. Sikumwambia lolote la kukutambulisha. Nilimwuliza tu kuhusu stenlesi chini ya maji. Akanieleza kwamba chuma hicho hakishiki kutu kwa sababu kina kromiamu, na kromiamu ikikutana na oksijeni hutengeneza ngozi nyembamba mno juu ya chuma. Ngozi hiyo ikikwaruzika hujirudisha yenyewe, mradi oksijeni ipo. Ukiifungia bolti ndani ya mbao iliyolowa maji ya chumvi, pale mkuku unapokalia risasi, oksijeni haifiki, ngozi haijirudishi, na chumvi inaanza kula shingo ya bolti mahali ambapo hakuna wa kuona. "Bronzi nayo haidumu milele," aliniambia, "lakini hii inakuchekea juu huku imekwisha chini."

Nimelianza hili kwa makusudi, kwa sababu swali linalokutesa zaidi katika barua yako, kwa jinsi ninavyoisoma, si la bolti. Ni kama baba alijua.

Umeyachukua maneno mawili na mstari ukayafanya ungamo. Inawezekana ni ungamo kweli, sitakudanganya. Mstari ule, na kupunguza kazi baada yake, vinaonyesha kuna kitu kilichomgusa. Lakini hebu hesabu nami. Alipoandika "Rudi bronzi", bolti za zamani zaidi kati ya zile zilikuwa na miaka michache tu ndani ya maji. Hata kama angetoa moja akaitazama, pengine angeiona bado nzima, au na doa dogo kiunoni. Huenda fundi mwenzake alimwambia neno. Huenda muuzaji wake wa bronzi alirudi na bidhaa. Huenda alikuwa na wasiwasi na hakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Wewe unamhukumu ukiwa na bolti ya miaka 24 mkononi. Yeye hakuwahi kuwa nayo.

Na inawezekana pia alijua, akaogopa, kama unavyoogopa wewe. Hilo nalo uliache mlango wazi lipite. Mtu anaweza kuwa amepiga msasa upande usioonekana wa ubao miaka 34 na bado akawa na jambo moja aliloshindwa kulisema. Sioni kwa nini moja kati ya hayo lazima liwe uongo ili lingine liwe kweli.

Ninachokuomba ni uzitenganishe habari hizi, maana umezifunga kwa kamba moja: baba alikuwa nani, mashua 12 zifanyweje, na mteja wa mashua tatu aambiwe nini. Ya kwanza unaweza kukaa nayo miaka, na pengine utakaa nayo. Ya tatu ina tarehe ya kusaini. Ya pili ina bahari, na bahari haina tarehe.

Nadhani unaifahamu habari ya ile yoti iliyobeba jina lenye neno letu ndani yake, Cheeki Rafiki. Mwaka 2014 ilikuwa ikivuka Atlantiki kurudi Uingereza na mabaharia wanne, mkuku ukaachana na chombo. Wote wanne walipotea. Wachunguzi wa Uingereza wa ajali za baharini waliandika kwamba huenda kugonga chini hapo awali, na matengenezo yaliyofuata, vilidhoofisha mahali mkuku ulipoungana na chombo, na kwamba huenda pia bolti moja au zaidi zilikuwa zimechakaa. Sikuletei habari hiyo ili kukutisha. Mashua za baba yako ni nyingine, zimeundwa kwa njia nyingine. Ninaileta kwa sababu ya lile neno "huenda". Chombo kikishakwenda chini, hata wataalamu hubaki na "huenda". Wewe una kitu ambacho wao hawakukipata. Unacho mezani.

Sasa kaka yako. Katika barua yako amesimama kama mtu wa fedha tu, na ninaona unamwonea kidogo. Anabeba watu 11 na familia zao, na hoja yake ya sheria haikutoka hewani. Marekani ina sheria ya usalama wa boti ya 1971 inayomtaka mtengenezaji awaarifu wamiliki anapogundua kasoro ya hatari, lakini wajibu huo una ukomo wa miaka. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za 2013, unamtaka mtengenezaji atunze nyaraka za chombo kwa miaka 10. Mashua zako zimepita umri huo mara mbili. Kwa hiyo inawezekana kabisa kaka yako yuko sahihi kwamba hakuna karatasi inayowalazimisha. Hilo mwulizeni mwanasheria, si mimi, kwa sababu kutokuwa na wajibu kabla ya kugundua na kutokuwa na wajibu baada ya kugundua huenda yasiwe mamoja mbele ya hakimu. Na kaka yako, je, ameishika bolti hii? Au umemsimulia tu? Mtu wa hesabu akiona namba 14 huona gharama. Mwekee chuma mkononi, kisha msikilize tena. Anaweza kubaki palepale, lakini angalau mtakuwa mnabishana juu ya kitu kimoja.

Na mama. Alisema "usimfukue baba yako", nawe ukasikia "nyamaza". Mimi sina hakika. Kunyamaza kitambo kabla ya kusema kunaweza kuwa uchungu tu wa mjane. Kunaweza pia kuwa kwa mtu aliyelala kando ya mume wake miaka yote ile na anayejua kwa nini siku moja aliacha kupokea kazi nyingi. Sikushauri umhoji. Lakini ukimkuta ametulia, unaweza kumwuliza juu ya mwaka ule, bila kuzitaja bolti: baba alikuwaje wakati ule? Kisha umwache aseme anachotaka. Huenda jibu la daftari liko kwake. Huenda atakachosema kitakuumiza pia, na hilo ulipime kabla hujauliza.

Tuje kwenye kunyamaza, maana ni njia, na watu wenye heshima zao wameipita. Faida yake unaijua: kazi inaendelea, jina linabaki, na huenda hakuna mashua hata moja kati ya 12 itakayopata shida, kwa kuwa mwenye nayo atazikagua bolti mwenyewe au ataiacha ifie bandarini. Ila sijui kama kweli bado unayo njia hiyo. Mashua ya 37 ilipandishwa na watu. Bolti ilikatika karakanani kwenye mafundi 11. Nani alikushikia taa? Siri hii tayari ina wenyewe, na mmoja wao anaweza kesho kufanya kazi kwingine. Ukiamua kunyamaza, waamulie na wao pia, kwa sababu utakuwa umewabebesha kitu bila kuwauliza. Tena kila tufani litakalotangazwa utakuwa ukihesabu namba kichwani. Wewe tu ndiye unayejua kama unaweza kuishi hivyo.

Njia ya pili ni kuanza na wale saba unaowajua, mmoja mmoja, kwa mdomo kisha kwa barua. Fundi yule mzee alinisisitizia usiseme zaidi ya unachokijua: kwamba katika mashua ya 37 umekuta bolti kadhaa zimeliwa, kwamba za kwao zilitoka kwenye fungu hilohilo kwa mujibu wa daftari, na kwamba ni busara zitolewe mbili tatu na kutazamwa kabla ya safari yoyote ndefu. Hapo hujamshtaki baba. Umetaja namba na chuma. Hatari zake ni za kweli, hata hivyo. Mmoja anaweza kukudai. Mmoja anaweza kukasirika kwamba umechelewa miezi miwili. Na kama karakana ina bima, soma mkataba wake kabla ya kuandika, kwa kuwa bima nyingi hazikubali mteja wao akiri kosa bila wao kujua. Kukaa siku chache na mwanasheria na watu wa bima si woga. Kuzigeuza siku chache kuwa msimu mzima ndiko kungenitia shaka.

Nilifikiria pia kitu cha katikati, nacho ni kuwaita hao saba kwa "ukaguzi wa bure wa mashua za marehemu" bila kutaja sababu. Kinavutia. Ungepata ushahidi zaidi, na ungeokoa walio hatarini kimyakimya. Lakini mwanangu, ulishamwambia yule mzee nusu ya kweli, na umeniandikia mwenyewe kwamba hukuweza kumtazama. Sijui kama ungeweza kuwatazama saba. Na mwenye mashua anayeambiwa ukaguzi ni wa kawaida anaweza kusema "mwakani", akafungua tanga na kuondoka.

Halafu kuna wale watano. Hapa ndipo palinikwamisha, na nitakuambia kwa nini. Saba unaweza kuwafikia kwa siri. Watano huwezi. Ili kuzipata mashua zilizouzwa mara tatu utalazimika kuuliza wakaguzi wa vyombo, walinzi wa bandari, washona matanga wanaokumbuka kila tanga walilolikata, na kila utakayemwuliza atataka kujua kwa nini. Kuwafikia ni kusema hadharani. Kwa hiyo swali la kama jina la baba litatajwa sokoni, kwa hesabu yangu, linakuja kwa kupitia wale usiowajua, watu ambao hawajawahi kula nyumbani kwenu. Kama utawaendea au hutawaendea, ni vyema ujue kwamba hapo ndipo njia inapogawanyika.

Gharama nayo usiifiche moyoni. Kuahidi kubadilisha bolti za mashua 12 bure, kisha ukashindwa kwenye ya nne, kungeliumiza jina kuliko barua. Wapo wanaotoa bolti na kumwachia mwenye chombo gharama ya kukipandisha. Wapo wanaopanga kwa zamu, mashua zinazokwenda mbali kwanza, zinazolala bandarini mwisho. Hili ni la kukaa na kaka yako, na hapa hesabu zake zitakuwa na thamani kuliko machozi yangu na yako.

Lakini arbuni ile, naomba mwitazame mara mbili. Mteja amekuja kwa ajili ya jina. Mkisaini kwanza, halafu mwezi ujao akasikia, hata mashua zake tatu zikiwa na bolti bora kuliko zote, ataona alinunua akiwa amefumbwa macho. Mkimwambia kabla, anaweza kuondoka, na mafundi 11 ni watu wa kweli wenye watoto wa kweli. Anaweza pia kuketi na kuuliza mnatumia bolti gani siku hizi na mnazikagua vipi. Simjui mtu huyo. Wewe umekaa naye. Ni mtu wa aina gani habari mbaya inapomfikia?

Umeniambia kwamba barua moja itafuta miaka 34. Nimejaribu kuona kama ndivyo mambo yanavyokwenda katika kazi yenu. Mwaka 1985 yoti iitwayo Drum ilikatika mkuku katika mashindano ya Fastnet na kupinduka, dunia nzima ikitazama, kwa sababu mwanamuziki maarufu alikuwa ndani. Watu wote waliokolewa. Hakuna aibu ya wazi kuliko hiyo. Chombo kilitengenezwa, na wiki chache baadaye kikaanza mashindano ya kuizunguka dunia, kikashika nafasi ya tatu. Na ipo yoti ya Dorade, ya mbao, iliyoshuliwa 1930. Ilishinda mbio za kuvuka Pasifiki mwaka 1936, na mwaka 2013, baada ya kukarabatiwa sana, ikazishinda tena. Mikono mingi imepita ndani ya mashua ile, kila mmoja akifungua alichofunga mwenzake. Hao hawakuwa na siri ya miaka 24, na baba yako hayupo kujieleza, kwa hiyo sisemi yako yataisha hivyo. Ninachokiona ni kwamba mashua inayodumu ni ile ambayo imeonekana inafaa kufunguliwa tena na tena.

Na hapo narudi kwenye maneno ya baba. "Siku moja kuna mtu atafungua hapa." Wewe umeyasikia kama majivuno ya fundi aliyejua hakuna kitakachokutwa. Wazee wa bahari husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani uende nyuma au mbele ya chombo, mwisho utarudi chini ndani yake, na baba yako alijua ngamani hakuna rangi wala ving'aro. Mimi ninayasikia maneno yake kama ya mtu aliyejua kwamba atakosea mahali fulani, kama kila fundi, na aliyekuwa akimfanyia kazi huyo atakayekuja na spana. Sijui ni lipi kati ya hayo. Wewe ulimsikia akiyasema, sauti yake unayo.

Jambo la mwisho, nalo ulilipitia kwa sentensi moja, kama mtu anayevuka njia bila kutazama. Ulisema ulipokuwa na miaka 19 mlikaza pamoja bolti za mashua ya 39, yeye chini na wewe juu. Barua nzima unaniuliza kuhusu mikono ya baba. Mashua ile ina mikono yako pia, ya msichana aliyekuwa na furaha siku ile na hakuwa na sababu ya kushuku kitu. Huna hatia hapo, na sitaki uitafute. Lakini pengine kuna mashua moja kati ya 12 ambayo unaweza kuiendea bila kwenda kama mlinzi wa jina la marehemu wala kama mshtaki wake. Uiendee kama fundi aliyekaza nati ile, anayetaka kujua imefikia wapi.

Niandikie tena ukiweza. Na hiyo ya 39, mwanangu, je, ni miongoni mwa zile saba?

Shangazi